Nilijitangaza Marehemu Ili Mwanangu Ale

Nina umri wa miaka sitini na mmoja. Ninaishi peke yangu Chekalini, kwenye kishamba cha mahindi nilichokodi. Majirani wananiita Mama Roselida, na hata kwenye kipande changu cha utambulisho limeandikwa hilo hilo, Roselida.

Si jina langu! Roselida alikufa nikiwa na miaka ishirini na minne tu, na mimi ndiye niliyemwosha na kumvalisha.

Mimi nilibatizwa Perpetua. Watu wanaojua hivyo wamebaki wachache sana duniani, na sasa nanyi wasomaji wenzangu mmejua. Siandiki ili mnihurumie. Naandika kwa sababu najua kuna mwanamke mahali fulani, leo hii, ambaye yuko karibu kufungua mdomo aseme nilichosema mimi.

Niliolewa nikiwa na miaka kumi na saba, upande wa Matungu, na kijana mmoja anayeitwa Wamukoya. Alikuwa mchapakazi, mcheshi, na tulipendana. Nasema hivyo ili msidhani nilimchukia tangu mwanzo.

Siku hizo habari ilikuwa moja tu... miwa! Kiwanda kilikuwa kimeanza kusaga, matrekta yakapita boma kwa boma yakilima. Watu waliozoea kutembea miguu mitupu walinunua baiskeli. Waliokuwa na baiskeli walinunua redio. Mavuno yetu ya kwanza yalitujengea nyumba ya mabati ya vyumba vitatu, na siku tuliyohamia nilicheza mpaka leso ya kichwa ikanidondoka. Nilikuwa na kijana wangu Protus mgongoni. Niliona maisha yamenifungukia.

Baada ya hapo Wamukoya akang'oa mihogo. Akang'oa mtama. Akakata migomba nyuma ya jikoni, akapanda miwa mpaka mlangoni. Nilimsihi aniachie hata mistari kumi ya mahindi na maharagwe. Alicheka! Alisema mtu wa miwa hununua unga dukani kama watu wa ofisini.

Unga aliununua kweli... miezi michache. Kisha ukawa unakuja siku akikumbuka.

Miwa hukaa shambani karibu miaka miwili kabla ya kukatwa. Mnajua miaka miwili ni siku ngapi kwa mtoto mwenye njaa?

Katikati ya taabu hiyo, dada yake Wamukoya, yule Roselida, alirudi nyumbani mgonjwa. Alikuwa ameachika, hana mtoto. Nilimuuguza mimi, kwa sababu kaka yake hakuwa na muda. Alipofariki alikuwa na kikopo kimoja tu cha mali yake. Ndani yake mlikuwa na rozari na kadi yake ya ubatizo. Nilikiweka. Sikuwa na nia yoyote, nawaapia.

Mavuno ya pili yalipolipwa, Wamukoya alienda mjini akakaa siku tisa. Alirudi na msichana mwenye viatu vya visigino, nami nikaambiwa nihamishie vitu vyangu jikoni. Nyumba ile niliyoichezea! Wakati huo nilikuwa na mtoto wa pili, Anjelina, wa mwaka mmoja na miezi mitatu.

Wasomaji wenzangu, tulizungukwa na sukari pande zote. Ukifungua mlango, miwa. Ukienda kisimani, miwa. Anjelina alikuwa akinyonya kipande cha muwa kutwa nzima, mashavu yamejaa, na wapita njia wakanipongeza kwamba mtoto amenona. Hakuwa amenona. Alikuwa amevimba! Nywele zake zikawa nyekundu na nyepesi kama za mahindi machanga. Nilipoelewa, nilimbeba nikakimbia naye zahanati. Alinifia mapajani, kwenye benchi, nikingoja kuitwa.

Baba yake, aliyekuwa amekwenda tena mjini, alifika siku ya tatu, tumeshazika. Alikuwa ameshika redio mkononi. Alichouliza ni kwa nini wageni hawakupewa chai.

Wiki mbili baadaye nilikuwa namwosha Protus miguu. Nilibonyeza mguu wake kwa kidole gumba... na shimo la kidole changu likabaki pale pale. Mwanangu wa miaka mitano! Yule aliyebaki!

Sikumuaga mtu. Nilichukua blanketi na kile kikopo cha Roselida, tukapanda nyuma ya trela tupu la miwa hadi njia panda, kisha tukatembea. Nilikuwa nimesikia kwamba karibu na mji wa Kakamega kuna parokia inayosaidia watu. Watoto walikuwa na nyumba yao ya kulala, wakisoma na kula. Watu wazima waliokwama walipewa unga kila Jumamosi, na wenye nguvu walipewa kazi.

Tulifika Jumamosi. Foleni ilikuwa imezunguka kanisa. Mbele yangu alisimama mama mmoja aliyeonekana mzoefu, akaniuliza kama nina bwana. Nilipomjibu ndiyo, akasikitika.

"Basi usijisumbue, dada. Wanaandikanga barua kwa chifu, bwana anakuja kukuchukua. Na kule kwa watoto wanachukuanga yatima peke yake."

Kurudi kule? Nirudi jikoni nikamtazame Protus akivimba kama dada yake?

Nilimtoa mwanangu kwenye foleni, nikampeleka nyuma ya tangi la maji. Nilichuchumaa nikamshika mabega.

Hapa niwaeleze kitu kwa wale wasio Waluhya. Kwetu dada ya mama naye huitwa mama. Nisingeweza kujifanya dada ya mama yake, kwa sababu Protus angeendelea kuniita mama, na watu wangechunguza. Ila dada ya baba huitwa senje. Kwa hiyo ilinibidi niwe dada ya baba yake. Niwe Roselida. Na kadi yake nilikuwa nayo!

"Kuanzia sasa utaniitanga senje," nilimwambia. "Ukiniita mama watatufukuza, na utalala njaa. Umesikia?"

Alinitazama. "Hata tukiwa sisi wawili?"

Ningeweza kusema hapana. Ningemwachia angalau hicho. Lakini niliogopa atazoea na kuteleza mbele za watu, nikamwambia ndiyo... hata tukiwa wawili.

Tulipoitwa ndani, tulimkuta mtawa mmoja mfupi, mpole, Sista Benedikta. Alikuwa ni Mluhya mwenzetu, si mgeni. Aliuliza mtoto ni wa nani. Nikasema ni wa kaka yangu marehemu. Akauliza baba aliitwa nani. Nikasema Wamukoya. Akauliza mama.

"Perpetua."

"Naye alifariki kwa nini?"

"Homa, Sista."

Sista Benedikta aliweka kalamu chini, akafanya ishara ya msalaba kwa ajili ya roho yangu. Mimi niliyekuwa nimekaa mbele yake! Lakini mwanangu alikuwa tayari ameshapewa kikombe cha uji wa wimbi wenye maziwa, anakunywa kwa mikono miwili. Mngefanya nini?

Walimpokea Protus kwenye nyumba ya watoto. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na nguvu, nilipewa kazi ya kusaidia jikoni, na baada ya mwaka mmoja nikawa mpishi mkuu. Nilipanga kachumba Shirere, nikawa natembea kwenda parokiani kila alfajiri. Niliwapikia watoto arobaini obusuma, ndio ugali wetu, na maharagwe, na mmoja kati ya arobaini hao alikuwa wa tumbo langu, akisimama kwenye mstari na sahani yake, akisema "Asante, senje," kama walivyosema wenzake wote. Maana wote walizoea kuniita hivyo. Nilikuwa senje wa kila mtu.

Mwezi wa kwanza Protus aliteleza mara moja. Alianguka kwenye kokoto, goti likapasuka, akaja kwangu akilia, "Mama! Mama!" Sista alikuwa mlangoni. Nilimpiga kofi mwanangu mbele yake, nikamwambia awaache wafu walale.

Hakuteleza tena. Kamwe.

Uvimbe uliisha, nywele zikarudi nyeusi, akawa wa kwanza darasani. Nilikuwa nikimtazama akicheza mpira uwanjani na kujiambia kwamba nimeshinda. Kumbe nilikuwa nimejenga ukuta, nikajifungia ndani, na mlango sikuuweka.

Ukuta huo niliuona vizuri zaidi kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu. Parokia yetu ilikuwa na desturi ya kusoma madhabahuni majina ya wazazi waliofariki wa watoto wale. Kila mtoto alisimama jina la mzazi wake likitajwa, akaenda kuwasha mshumaa. Mwaka wa kwanza sikujua. Nilikuwa nimepiga magoti na wanawake wengine wa jikoni, nikasikia padre akisoma:

"Wamukoya na Perpetua."

Protus alisimama. Alivaa kaptura ya kijani iliyompita magoti. Alitembea mpaka mbele, akawasha mshumaa wa baba yake, kisha akawasha wangu. Kanisa zima likaitikia amina. Nami... nami niliitikia amina.

Nilifanya hivyo Novemba kumi na mbili. Kumi na mbili! Nimewahi kusikia jina langu likisomwa nikiwa na mafua, nikiwa na njaa ya kufunga, nikiwa na furaha ya mshahara mpya. Kila mara niliitikia.

Mnaniuliza kwa nini sikuungama? Niliingia kwenye kiti cha maungamo mara nyingi kuliko mtu yeyote wa parokia ile. Niliungama hasira, niliungama uvivu, niliungama kumsengenya mke wa mlinzi. Neno lenyewe lilifika kooni likarudi. Niliwaza, nikisema leo watamtoa Protus darasa la tatu. Kisha, nikisema leo watamtoa kabla ya mtihani. Alipopita mtihani na parokia ikakubali kumsomesha kidato cha kwanza, nikawaza, nikisema leo nitamvunjia maisha yote. Uongo ulizidi kunenepa jinsi mtoto alivyozidi kufaulu.

Hata kupenda sikuweza. Fundi seremala wa parokia, Kizito, mjane mtaratibu aliyekuwa akinirekebishia miiko bila kuombwa, alinitamkia kwamba anataka tufunge ndoa kanisani. Kwa macho ya watu nilikuwa mwanamke aliyeachika ndoa ya kimila, sina kizuizi. Ukweli ni kwamba nilikuwa mke wa mtu aliye hai, na mwanamke mwenyewe aliyetakiwa alikuwa amezikwa Matungu. Nilimkataa bila kumpa sababu. Alingoja miaka miwili, akaoa mwingine. Wanawake wenzangu walisema nina maringo. Nilikuwa nikisikia, nikiendelea kuosha sufuria.

Nyumbani sikurudi hata mara moja. Kaka yangu wa pekee alifariki, nami nikapata habari majuma matatu baadaye, kwa kusikia wachuuzi wakiongea sokoni. Roselida hakuwa na kaka wa jina hilo. Nilinunua vitunguu, nikarudi nikavikatakata ili nipate kisingizio cha machozi.

Protus alipokuwa kidato cha tatu, msiba wangu ulikuja kwa miguu yake wenyewe.

Ilikuwa Jumamosi ya unga. Nilikuwa napitia foleni na ndoo ya uji, maana wagonjwa tulikuwa tukiwapa uji kwanza. Nikafika kwa mwanamume mmoja aliyekaa chini, mguu wake mmoja umefungwa vitambaa, unanuka. Nikamnyooshea kikombe. Hakukichukua. Aliniangalia usoni... akacheka taratibu.

"Perpetua," alisema. "Umenenepa."

Alikuwa Wamukoya!

Uji ulinimwagikia mkononi na sikusikia moto. Miwa ilikuwa imemtupa. Shamba alikuwa amelikodisha lote, miwa yake ya mwisho ikaungua kabla haijakatwa, yule wa visigino akaenda na dereva wa trekta, na kidonda kikaanza kumla mguu. Alikuwa amejiandikisha kwa Sista kwa jina lake la ubatizo, Silvesta, kwa hiyo hakuna aliyemshuku.

Haikumchukua muda kuelewa mambo. Alisikia watu wakiniita Roselida. Alimsikia mtu akimtaja Protus yatima. Jumamosi iliyofuata alinifuata mpaka mlango wa jikoni, akasema bila kupandisha sauti:

"Mimi nitanyamaza. Lakini nina njaa."

Ndivyo nilivyoanza kuiba chakula cha watoto! Mimi niliyekimbia ili mtoto wangu ale, nikawa naiba maharagwe ya watoto wa wenzangu, mafuta ya watoto, sukari ya watoto, nikampa mtu aliyemwacha Anjelina afe. Nilifunga kwenye leso, nikapitisha nyuma ya ghala. Wiki kwa wiki. Mwezi kwa mwezi.

Sista Benedikta aligundua ghala linapungua. Tulikuwa wawili tu tuliokuwa na ufunguo, mimi na msaidizi wangu Jesika, msichana wa miaka kumi na tisa, yatima wa nyumba ile ile, aliyekulia mikononi mwangu. Sista alituita wote wawili. Aliuliza. Jesika alilia akaapa. Mimi nilitazama sakafu.

Sista hakunishuku hata kidogo. Nani angemshuku senje?

Jesika alifukuzwa siku hiyo hiyo. Alitoka na sanduku la mbao, akapita mbele yangu, akanitazama kana kwamba anangoja niseme kitu. Sikusema. Alikuwa ananijua tangu akiwa mdogo, na nadhani alijua. Nilibaki jikoni nikakoroga obusuma mpaka mwiko ukavunjika.

Shule yake ya bweni ilipofunga likizo, Protus alikuja kusaidia wagonjwa kama ilivyokuwa kawaida yake. Na kati ya wagonjwa wote, akamchagua yule! Alimwosha kidonda. Alimkata kucha. Alimsomea gazeti. Niliwaona dirishani wamekaa pamoja kwenye nyasi, paji la uso moja, masikio yale yale, mtoto akimshikia mzee kikombe cha maji... nami nimeshikilia ukingo wa dirisha, siwezi kutoka nikawatenganisha, siwezi kutoka nikawaunganisha.

Kidonda kilimshinda Wamukoya. Homa ilimpanda, na alipoona anaelekea kufa, alimwita Protus kitandani kwenye chumba cha wagonjwa. Sijui kama aliogopa kifo, au kama alimpenda. Mpaka leo sijui. Alimwambia yeye ni baba yake. Alimwambia yule mpishi si senje wake.

Protus alinikuta uani nikichambua maharagwe. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, jua kali. Alisimama, mrefu, kivuli chake kikafunika ungo wangu.

"Ni kweli?" aliuliza.

Niliweka ungo chini. Nilimwambia ni kweli.

Nilidhani atalia au atanipiga. Alifanya kitu kibaya zaidi. Alikaa chini, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

"Kwa hivyo sina wazimu," alisema.

Sikumwelewa. Akanieleza polepole, akitazama mikono yake. Alisema alikumbuka. Miaka yote hiyo alikumbuka mtoto mchanga mgongoni mwangu, na wimbo niliokuwa nikimwimbia. Alikumbuka tangi la maji. Lakini kila Novemba alinigeukia kanisani, na kila Novemba aliniona nikiitikia amina.

"Nikasema mimi ndiye mwenye akili mbovu. Mtu mzima hawezi kuitikia hivyo kama ni uongo. Nilikuwa naogopa kulala, senje. Nilifikiri pepo ananionyesha mambo."

Alisikia neno alilotamka. Kisha akasema tena, kama anayejaribu kiatu kisichomwingia, "Senje... mama... mimi sijui nikuite nini." Aliondoka.

Wasomaji, nilidhani njaa ndiyo adui wa mwanangu. Niliishinda njaa. Lakini nilikuwa nimemfanya mtoto wa miaka mitano achague kati ya kumbukumbu zake na mama yake, akanichagua mimi, akajihesabu mwendawazimu!

Wamukoya alifariki kesho yake. Parokia ilimzika, nami nikapika chakula cha mazishi ya mume wangu nikiwa nimevaa aproni. Wakati watu wanakula, nilienda kwa Sista Benedikta nikafunga mlango. Nilimwambia yote, kuanzia foleni hadi ghala hadi Jesika. Nilipiga magoti, akaniambia nikae kwenye kiti.

Nilimuuliza, je, siku ile ningesema ukweli mngetupokea? Kulikuwa na ile habari ya barua kwa chifu...

"Sijui, Perpetua," alisema. Nililia kusikia jina hilo kwenye kinywa cha mtu. "Barua tuliandika nyingine. Wanawake wengine tuliwaficha. Labda tungekukubali, labda tungekosea. Lakini wewe hukutupa hata nafasi ya kukukataa."

Aliniondoa jikoni. Ilikuwa haki. Protus hakumwondoa shuleni. Alisema mtoto hakuandika chochote kwenye kitabu cha mapokezi, aliyeandika ni yeye Sista.

Jesika nilimtafuta mpaka Lumakanda, alikokuwa ameolewa na mkulima. Alikuwa na mimba kubwa. Sista alikuwa amenipa barua ya kumsafisha jina na kumwita arudi kazini. Jesika aliisoma amesimama, akaikunja, akaniletea chai. Nilipiga magoti kwenye udongo wa ua wake nikamwomba msamaha. Alisema, "Nimekusikia, senje. Kunywa chai." Hakusema zaidi. Sijawahi kumlaumu. Nilipokodi shamba hapa Chekalini, si mbali naye, nilijua nitakuwa nikikutana naye sokoni. Tunasalimiana. Mara moja alinisaidia kubeba gunia.

Jina langu nilijaribu kulirudisha. Ofisini waliniambia nilete mashahidi wanaonijua tangu utoto, au kadi yangu ya ubatizo. Kadi niliiacha kwenye nyumba ya mabati, na nyumba yenyewe iliuzwa. Mashahidi wamekufa. Karani kijana alinitazama kwa huruma akasema, "Mama, kwani Roselida ana ubaya gani?" Basi nitazikwa naye.

Na Protus? Yeye ni mwalimu, ana mke na watoto watatu. Hakunitupa. Hunitumia mbolea msimu wa kupanda, huja Krismasi na kuku wa kuchinja. Ila tangu siku ile ya maharagwe hajaniita mama wala senje. Hunifikia kwanza, akasimama mbele yangu, ndipo aongee. Nikiwa mbali shambani, hawezi kuniita. Humtuma mtoto.

Wajukuu hunikimbilia wakipiga kelele, "Kukhu! Kukhu!" Hilo ni neno la bibi kwetu. Furaha ninayoipata siwezi kuieleza! Lakini kukhu ni bibi mzaa baba, na kukhu pia ni senje wa baba aliyezeeka. Sijui Protus aliwaambia mimi ni yupi. Mkewe ananiheshimu sana, naye sijui anajua nini. Kila Krismasi nakata kuku, nawagawia, na swali liko mdomoni. Siulizi. Nimekuwa mwoga wa majibu tangu siku za foleni ile.

Dada yangu unayesoma haya, pengine umesimama kwenye mlango wa kanisa, au wa shule, au wa ofisi ya msaada, na mtoto amekushika sketi. Najua njaa. Najua mwanamume anayeweza kukufanya utamani kufa. Siji kukuambia kwamba wakisikia ukweli lazima watakufungulia. Huenda wakakataa. Lakini wakikataa, utaondoka ukiwa na mtoto wako, naye akiwa na mama, na utagonga mlango mwingine kwa jina lako mwenyewe. Usimfundishe mtoto kukuzika. Atajifunza vizuri... na hutajua namna ya kumfundisha kukufukua.